Mada ya tasnifu: ipunguze kwanza
Ndugu, umeuliza kama "Mchango wa TEHAMA katika biashara Tanzania" inafaa kuwa mada ya tasnifu ya uzamili. Haifai, ni pana mno. Msimamizi atakurudishia siku hiyohiyo. Chukua kitu kimoja: kwa nini mwenye duka la rejareja Kariakoo anapokea malipo kwa Lipa Namba (namba ya duka ya kupokelea pesa za simu) lakini mahesabu bado anaandika kwenye daftari? Hapo modeli ya mtafiti Fred Davis ya 1989 ya kukubali teknolojia itakufaa, maana inaangalia manufaa na urahisi wa kutumia. Ila wanafunzi wameichosha, kwa hiyo iongezee makato ya miamala na hofu ya kodi. Dodoso lijaribu kwa watu kumi kwanza. Kibali cha utafiti omba mapema. Mimi kilinichelewesha miezi miwili mizima.