Kutaja umri kwa Kifaransa: kwa nini si «Je suis»

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Ninajiandaa kwa DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa, wa ngazi ya A1, yaani ya mwanzo. Katika zoezi la kujitambulisha niliandika «Je suis vingt-neuf», nikakatwa alama. Nikasahihisha kuwa «J'ai vingt-neuf», bado nikaambiwa sentensi ina upungufu. Umri hutajwaje? Na nitasemaje kwamba bibi yangu ana miaka 75?

Jibu: Marahaba. Kosa lako la kwanza halitokani na Kiswahili hata kidogo, bali na Kiingereza, ambacho wengi wetu tunakipitia tunapojifunza lugha nyingine, na ambacho hutaja umri kwa kitenzi cha kuwa. Sisi husema «Nina miaka 29», na Mfaransa husema vivyo hivyo: «J'ai vingt-neuf ans». «J'ai» ni «nina», kutoka kitenzi avoir, na «ans» ni «miaka». Hilo la mwisho ndilo ulilolisahau mara ya pili. Katika mazungumzo yetu mtu akijibu «nina ishirini na tisa» anaeleweka, lakini katika Kifaransa sanifu ans haiachwi, wala haibadilishwi kwa années, ingawa nalo lina maana ya miaka.

Mahali ambapo Kiswahili chenyewe kinaweza kukuponza ni katika wakati uliopita na ujao. «Nina» yetu ikitoka wakati uliopo huhitaji kitenzi «kuwa»: nilikuwa na miaka kumi, nitakuwa na miaka thelathini. Mwanafunzi akiiona «kuwa» hiyo hukimbilia être (kitenzi cha kuwa cha Kifaransa, ambacho «suis» ni umbo lake) na kuandika «J'étais dix ans», jambo lisilokubalika, kwa maana avoir hubadilika yenyewe bila msaada: «J'avais dix ans», «J'aurai trente ans en mars». Angalia pia kwamba «J'ai eu trente ans» si «nilikuwa na miaka thelathini», bali ni «nilitimiza» miaka hiyo.

Katika mtihani wa kuzungumza, kumbuka kwamba t ya vingt, ambayo kwa kawaida haisikiki neno hilo likitajwa peke yake, husikika katika vingt-neuf, na f ya neuf hugeuka v mbele ya ans.

Kuhusu bibi, sema «Ma grand-mère a soixante-quinze ans», yaani sitini na kumi na tano, kama wanavyohesabu Ufaransa. Ukikutana na Mkongomani wa Lubumbashi, anayezungumza Kiswahili na Kifaransa, huenda akakwambia «septante-cinq ans», yaani miaka sabini na tano, kama Wabelgiji, na hajakosea. Katika maandishi rasmi utakuta pia «Elle est âgée de soixante-quinze ans», yenye e ya ziada katika âgée kwa sababu anayetajwa ni mwanamke. Hapo ndipo être yako ina nafasi, kwa kuwa âgée ni kivumishi.