Kapkeki za sikukuu na watoto: leo tunaoka, kesho tunapamba

Sikukuu ikikaribia tu wanangu wanaanza, mama tunaoka lini, mama tunaoka lini. Wa kike ana miaka 8, mdogo wake ana 4, na tumeshaoka pamoja miaka kadhaa sasa kwahiyo naomba niwaambie kitu kimoja kilichonisaidia kuliko resipi yoyote: msioke na kupamba siku moja. Basi. Mkioka leo, pambeni kesho.

Zamani nilikuwa nabana kila kitu siku moja, asubuhi tunachanganya, mchana tunaoka, hapohapo tunaanza kupamba huku watoto wameshachoka na njaa inauma na keki bado zina vuguvugu. Mtoto anapaka aisingi yake (ile krimu tamu ya kupamba juu) vizuri kabisa, anaweka nyota juu, alafu ile nyota inaanza kuteleza taratiiibu mpaka inadondoka mezani, na yeye anaona kosa ni lake. Siyo lake jamani. Aisingi ya siagi haivumilii joto, keki ukiishika nje unaweza kuiona imepoa kumbe ndani bado, na hilo joto la ndani linatosha kulegeza siagi yote. Zikilala usiku mzima kwenye chombo chenye mfuniko zinakuwa zimetulia, hazimeguki ovyo ukipaka, na watoto nao wanaamka na nguvu mpya.

Siku ya kuoka mi natumia kipimo ambacho hata mtoto anakariri: siagi gramu 125, sukari gramu 125, unga gramu 125, mayai 2. Kwenye unga tia beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, vanila kijiko cha chai kimoja, maziwa vijiko viwili vya chakula, unapata kapkeki 12. Siagi na mayai vitoe frijini mapema visiwe vya baridi, maana yai la baridi likiingia kwenye siagi mchanganyiko unakatika unakuwa vipunjevipunje. Ikitokea usimwage, ongeza kijiko kimoja cha unga uendelee kupiga, unarudi.

Sasa watoto wanapenda sana kukoroga na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanampa mtoto mwiko wakati unga umeshaingia. Unga ukikorogwa sana unavutika na kapkeki zinatoka ngumu zina vitobo virefu ndani. Mi nampa ile hatua ya mwanzo ya siagi na sukari, hapo apige mpaka mkono uchoke, akipiga zaidi ndo vizuri zaidi maana anaingiza hewa na rangi inabadilika kutoka njano inakuwa nyeupenyeupe, mwambie aitazame ikibadilika, atafurahi. Unga ukiingia nachukua mwiko mwenyewe nachanganya kidogo tu mpaka usionekane mkavu. Yule wa miaka 4 kazi yake ni kupanga vikaratasi kwenye trei, kimoja kila shimo, na hiyo kazi anaifanya kwa umakini utadhani anahesabu hela. Dada yake anavunja mayai, ila kwenye kibakuli cha pembeni, moja moja, ganda likiingia tunalitoa kabla halijapotelea kwenye mchanganyiko.

Kulamba bakuli hapana. Najua wengi tumekua tunalamba lakini mayai mabichi yanaweza kuwa na salmonela, na unga nao usipopikwa unaweza kuwa na bakteria, siyo mayai peke yake. Kwangu bakuli linaenda moja kwa moja kwenye sinki, na wao nawaahidi kijiko cha aisingi kesho yake.

Jaza vikaratasi theluthi mbili, usifike juu. Oveni nyuzi 180, kama ina feni weka 160, dakika 18 mpaka 20, na usiifungue kabla ya dakika ya 15 hata wakikuomba vipi, zikipigwa na baridi kabla hazijashika zinabonyea katikati. Kijiti kikitoka kikavu zimeiva. Kama mnataka keki ndogo moja badala ya kapkeki mchanganyiko huohuo unatosha trei ya duara ya sentimita 18, itakaa kama dakika 25 hadi 30, angalia kwa kijiti tu.

Aisingi natengeneza usiku watoto wakilala, siagi gramu 150 na sukari ya aisingi (ile iliyosagwa laini kama unga) gramu 300, yaani sukari mara mbili ya siagi. Rangi tumia za jeli, za majimaji zinalegeza aisingi na rangi yenyewe inabaki imepauka. Nyekundu ndo inasumbua, ukitaka iwe nyekundu kweli leo leo utamimina rangi nyingi mpaka iwe chungu, kwahiyo ichanganye usiku ikiwa bado kama pinki iliyokolea, uifunike, asubuhi utaikuta imekolea yenyewe. Hii nayo ni sababu ya kugawa siku mbili. Rangi tatu zinatosha, ukiwapa sita watazichanganya zote na mwisho wa siku kila keki ina rangi ya matope.

Kila mtoto awe na kapkeki zake, bakuli lake, na mfuko wake wa kupambia. Mfuko wa plastiki wa kuhifadhia chakula unatosha, kata kona kidogo sana. Usiujaze, nusu tu, juu funga na raba bendi, maana mikono ya watoto ina joto na aisingi ikishikwa muda mrefu inakuwa kama mafuta, ikilegea irudishe frijini dakika 10. Waanze kujaribu kwenye sahani, wachore nyota, mwezi, miti, chochote, alafu mnaikwangua mnairudisha mfukoni, hamna kinachopotea. Zile shanga ngumu za sukari za rangi ya fedha mi siziweki mezani kama kuna mtoto mdogo, zinaweza kumkaba, natumia vile vipambo laini. Na kama mtawagawia watoto wengine waulizeni wazazi kuhusu karanga na maziwa kabla.

La mwisho hili bado linaniuma. Mwaka fulani tulitaka kuwapelekea ndugu zile kapkeki, na za binti yangu nyota zilikuwa zimepinda, moja ina mikono saba. Usiku nikazikwangua nikazipamba upya ziwe sawa sawa. Asubuhi alifungua chombo, akaangalia muda mrefu, akaniuliza, mama zangu ziko wapi? Nikamwambia si ndo hizi. Akasema hapana, yangu ilikuwa na mikono saba. Hakulia, ila alikataa kuzibeba, nikazibeba mwenyewe.

Tangu hapo nikitaka kapkeki nzuri za kupeleka kwa watu natoa sita zangu pembeni nazipamba mwenyewe, na zao sizigusi kabisa. Mwaka jana yule mdogo alirundika aisingi yote ya kijani kwenye kapkeki moja mpaka ikawa ndefu kuliko keki yenyewe, akasema ni mti, tukaiweka katikati ya sahani na wageni wote walioneshwa.