Talaka Ukiwa Gerezani

SWALI: Ninatumikia kifungo, na ndoa yangu ilikuwa imevunjika kabla sijahukumiwa. Je, ninaweza kudai talaka nikiwa humu ndani?

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Kifungo hukunyima uhuru wa kutembea, lakini kwa kawaida hakikuondolei haki ya kufungua shauri la talaka. Unaweza kuandaa hati ya madai, wewe mwenyewe au kupitia wakili, kisha mwenzi wako akapelekewa nakala ili ajibu. Nayo mahakama inaweza kuagiza uletwe au usikilizwe kwa njia ya video. Linalotugusa zaidi ni watoto: usikubali, kwa uchungu ulio nao sasa, kutia saini makubaliano ya malezi ambayo hujayasoma yote. Omba msaada wa kisheria mapema kupitia maofisa wa ustawi wa gereza.