Maswali Yenu: Pweza na chupa, dome na rangi asizoziona

SWALI: Pweza wangu nimemwekea kaa hai ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha. Leo siku ya tatu, anaipapasa tu wala haifungui. Je, akili yake imetiwa chumvi?

JIBU: Haijatiwa chumvi; umemwanzishia mtihani darasa la mwisho. Pweza ana nyuroni (seli za neva) zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili zimo kwenye minyiri. Vikombe vya minyiri huonja kila vinachogusa, kwa hiyo kaa aliye nyuma ya kioo anamwona lakini hamwonji. Toboa kifuniko matundu madogo manne au matano, kisha kipake ute wa samaki mbichi. Anza na chupa iliyo wazi. Akishazoea kumtoa kaa, weka kifuniko juu bila kukikaza; baadaye kikaze robo mzunguko, kisha nusu. Usipande hatua kabla hajafaulu ya chini mara kadhaa mfululizo. Mpe zoezi akiwa na njaa, saa zake za kuwinda, ambazo kwa spishi nyingi ni usiku. Akipauka ghafla, acha. Akitoa wino, badilisha maji upesi, maana katika tangi wino huo huweza kuziba matamvua yake mwenyewe.

Na mfuniko wa tangi uufunge kwelikweli. Mwilini mwake kinachokataa kubonyea ni mdomo wake mgumu, uliopinda kama wa kasuku. Tundu linalopitisha mdomo huo humpitisha mzima. Mwaka 2016, huko Napier, New Zealand, pweza aitwaye Inky alipenya mfuniko ulioachwa wazi kidogo, akatambaa sakafuni, akateremkia bomba la kutolea maji baharini.

SWALI: Kama dome, yule jamaa wa pweza na ngisi, haoni rangi, anajuaje kufanana na mchanga au mwamba?

JIBU: Jicho lake lina aina moja tu ya seli za kupokea mwanga. Anachosoma ni mwangaza, kivuli na ukubwa wa madoa. Mlaze juu ya ubao wa drafti mweusi na mweupe: vyumba vikiwa vidogo, ngozi hufanya chengachenga, vikiwa vikubwa kiasi, hutoa mabaka makubwa na mraba mweupe mgongoni. Ubao ukiwa wa samawati na manjano zenye mwangaza sawa, haoni vyumba kabisa, hubaki rangi moja kana kwamba yuko mchangani. Ubongo huamuru moja kwa moja misuli inayovuta vifuko vya rangi, ndiyo maana hubadilika chini ya sekunde moja. Chini ya vifuko hivyo zipo seli zinazorudisha mwanga wa pale alipo, nazo humsogeza karibu na rangi ya mazingira.

SWALI: Pweza jike analinda mayai na hali chochote. Nimlazimishe?

JIBU: Hapana. Haumwi. Tezi mbili zilizo karibu na macho ndizo zinazomfungia hamu ya kula. Jaribio la mwaka 1977 lilionyesha kwamba zikiondolewa, jike huyaacha mayai, hula tena na kuishi zaidi. Mpe maji yenye oksijeni ya kutosha na mwanga hafifu, na pango lake usilisogeze.