Jibu: Wimbo wa 8 wa Leucocyte hautoi sauti

Habari ndugu. Umesema umepakua albamu ya Leucocyte ya e.s.t. (Esbjörn Svensson Trio), wale wanajazi watatu wa Sweden, na wimbo wa 8 unakwenda hadi mwisho bila sauti, ukadhani faili limeharibika. Usilifute! Mimi nililipakua upya mara mbili, bando likaisha, ndipo nikaelewa.

Angalia kwanza jina na urefu. Kama ni "Ad Interim" na ni dakika 1, faili lako ni zima. Kile ni kimya cha makusudi, kipande cha pili kati ya vinne vya utungo mmoja. Wengi hudhani ni dakika ya maombolezo, kwa kuwa mpiga piano Esbjörn Svensson alifariki akipiga mbizi Juni 2008, na albamu ikatoka baadaye mwaka huohuo. Sivyo. Walirekodi Sydney 2007, yeye akiwa hai, pamoja na Dan Berglund kwenye besi na Magnus Öström kwenye ngoma.

Sasa zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, na kama programu yako ina kipengele cha kuruka kimya, kizime pia. Natumia Android, iPhone sijaigusa. Kisha anza wimbo wa 7, vaa spika za masikioni, usiguse kitu. Kile kimya kikikufikia baada ya vurugu yote ile, utasikia hata pumzi yako.

Na ukipata Seven Days of Falling ya 2003, usizime wimbo wa mwisho unaponyamaza. Subiri, kuna wimbo umefichwa humo, wenye mwimbaji.