Mama Kinezi Anajibu: Tuuze parseli ili mdogo wetu atembee?

SWALI

Jambo Mama Kinezi. Mimi ndiye mkubwa katika nyumba ya watoto sita, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mdogo wetu ana miaka 24. Alikuwa kreseri, mchimba madini kwa mikono, upande wa Kolwezi. Mwaka juzi udongo ulimwangukia shimoni, akavunjika mgongo. Kuanzia kitovu kushuka chini hasikii kitu. Sasa amekuja mtu anasema kuna kliniki ng'ambo wanaochoma sindano ya seli shina, zile chembe changa za mwili zinazoweza kugeuka kuwa chembe za aina nyingine, na baada ya miezi sita mgonjwa anasimama. Wanataka dola 9,000 kabla ya safari. Baba alituachia parseli moja tu, yaani kiwanja. Wengine nyumbani wanasema tusubiri, maana walisikia redioni kwamba serikali ya Marekani inatoa pesa nyingi za kuchunguza uti wa mgongo, dawa itapatikana. Tuuze au tusubiri? Na Leta yetu, yaani serikali, mbona haitoi kitu?

Yaya, Katuba

JIBU

Yaya, jambo. Msiuze parseli. Natanguliza neno hilo kwa sababu mtu wa dola 9,000 hatawapa muda wa kufika mwisho wa ukurasa huu.

Kazi ya kinezi, ya kuwafanyisha mazoezi ya viungo walioumia na waliopooza, nimeifanya hapa Lubumbashi miaka 19. Jamaa moja ya Kamalondo iliuza nyumba ya milango minne kwa ahadi kama hiyo yenu. Kijana aliondoka na kiti chake cha magurudumu, akarudi nacho, pamoja na kovu jipya kiunoni. Leo mama yake anapanga chumba kimoja Kampemba, na kijana analala karibu na mlango kwa kuwa kiti hakiwezi kugeuka ndani.

Seli shina zenyewe zipo, na zinachunguzwa kweli. Oktoba 2010, mjini Atlanta, Marekani, kampuni ya Geron ilimwekea mgonjwa wa kwanza seli zilizotokana na seli shina za kiinitete, yaani mimba changa kabisa. Tazama masharti: jeraha liwe halijapita siku 14, na mgonjwa halipi kitu. Novemba 2011 kampuni ikaacha, ikasema ni mambo ya pesa. Kazi yote ingelala hapo. Mwaka 2014 chombo cha umma cha jimbo la California, kinachotumia fedha ambazo wananchi wenyewe walizipigia kura mwaka 2004, kikatoa dola milioni 14.3 ili kampuni nyingine, Asterias, iendelee. Pesa ya serikali inahitajika hapo hasa, mfanyabiashara akishaona hesabu yake haifungi. Na pamoja na hayo yote, seli hizo bado si dawa ambayo daktari anaweza kuiandika kwenye karatasi yake. Basi mtu akija kwenu na utafiti unaomdai mgonjwa pesa hata ndege haijaruka, huyo anauza.

Je, msubiri? Nitakwambia habari ya mtu aliyekuwa na pesa. Christopher Reeve, mcheza sinema wa Marekani, alianguka kutoka juu ya farasi Mei 1995, akaumia uti wa mgongo shingoni. Miaka tisa alihangaika na wabunge, akiwa anapumua kwa mashine, ili Leta yao iongeze fedha za utafiti. Oktoba 2004 alifariki. Wakati huo alikuwa anatibiwa kidonda cha kulalia, hizi eskare tunazozijua sote, kilichokuwa kimeingiliwa na vijidudu. Sheria yenye jina lake na la mkewe Dana ilisainiwa na Obama tarehe 30 Machi 2009, miaka minne na nusu hivi baada ya mazishi.

Yaya, soma tena hapo kwenye kidonda. Mtu ana wauguzi nyumbani usiku na mchana, na kidonda bado kinampata. Mdogo wako analalia godoro gani?

Hata sheria hiyo ya Reeve haikuweka kila kitu kwenye tiba ya kuponya. Ina sehemu tatu: utafiti wa kupooza, utafiti wa matunzo na mazoezi ya kurudisha uwezo, na maisha ya kila siku ya mtu aliyepooza. Sehemu ya pili na ya tatu mnaweza kuzianza leo, Katuba, bila visa.

Mwaka 1944, vita vikiendelea, serikali ya Uingereza ilimpa daktari mkimbizi, Ludwig Guttmann, wodi ya waliovunjika mgongo pale hospitali ya Stoke Mandeville. Zamani zile wagonjwa wa namna hii walikuwa wanangojewa wafe tu. Guttmann alikataa. Aliamuru wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, naye alikuwa akizunguka usiku kuangalia kama wamegeuzwa kweli. Mkojo ukashughulikiwa kwa usafi mkali. Watu wakaacha kufa. Mwaka 1948 akawapanga 16 kati yao kwenye mashindano ya kurusha mishale, na kutoka hapo ikazaliwa michezo ya Paralimpiki, ile ya dunia ya watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo nyinyi watano mliobaki wazima gawaneni usiku. Mmoja aweke saa ya simu, amgeuze, amrudishie mto katikati ya magoti. Akiwa kwenye kiti, ajiinue kwa mikono yake mara kwa mara. Ana mikono mizima, ya kreseri. Kila asubuhi mumtazame matako, visigino na mfupa wa mkia, na yeye ajitazame kwa kioo au kamera ya simu, maana ni ngozi yake. Pahali pakiwa pekundu, au peusi zaidi kuliko ngozi nyingine, na pasirudi rangi, asipalalie tena mpaka papone. Mpira wa mkojo, ile sonda, auingize kwa saa zilizopangwa, mikono imeoshwa kwa sabuni. Homa ikimpata, msingoje kesho.

Sasa Leta. Tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Inataka fedha ili itembee, na hapo jibu la viongozi ni lilelile kila siku: pesa hakuna. Jimbo la New York lilitunga sheria mwaka 1998 kwamba sehemu ya faini za madereva iende kwenye utafiti wa uti wa mgongo, hadi dola milioni 8.5 kwa mwaka. New Jersey wanakata dola moja kwenye kila faini. Mwendesha gari kwa fujo anamchangia aliyevunjika. Nimeiwaza sana hiyo, kila ninapopita kwenye peaji, kituo cha kulipia barabara, ya kwenda Kasumbalesa na kuona foleni ya malori yanavyolipa. Faini zinakatwa hapa, peaji inalipwa hapa. Wabunge wetu wa Haut-Katanga wanaweza kuulizwa swali hili kwa mdomo, na nawaomba wasomaji waulize.

Na sisemi tujenge maabara ya panya kesho. Utafiti wa kwanza ninaoutaka ni wa kuhesabu: nani ameanguka, shimo gani, barabara gani, ametoka hospitali lini, amekufa lini na kwa nini. Mimi nina daftari la wagonjwa niliowafuata mpaka nyumbani. Mengi ya majina hayo nimeyapigia mstari. Hawakufa kwa mgongo. Walikufa kwa eskare na kwa figo. Daftari la mtu mmoja haliwezi kubishana na bajeti.

Mlete mdogo wako kwa kinezi, hata mara moja tu kwa mwezi, na mmoja wenu aje naye ajifunze.

SWALI

Mama, mume wangu miguu imelegea na mgongo umetoa kinundu. Hakohoi. Hospitali wamempa dawa za kifua kikuu. Wamekosea?

Mke, Ruashi

JIBU

Hapana, mama. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye mfupa wa mgongo bila kikohozi, na dawa zake hapa kwetu ni za bure. Kwa wengi hizo ndizo zinazorudisha miguu. Wazee wetu walikuwa wanalazwa miezi na miezi ndani ya plasta ngumu, ile ya kufungia mifupa, kwa ugonjwa huu. Baraza la utafiti wa tiba la serikali ya Uingereza likajaribu kwa makini tangu miaka ya 1960, huko Korea, Hong Kong na hata Bulawayo ya Zimbabwe, na kule Korea likaona kwamba aliyekunywa dawa sawasawa akiwa anatembea zake alipona sawa na yule wa kitandani. Asiache dawa kabla daktari hajasema. Miguu ikizidi kulegea, au mkojo ukikataa kutoka, mrudishe siku hiyohiyo, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji.