Cheni mpya inalia, na tairi ya nyuma inaisha upande mmoja

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina pikipiki ya cc 150, breki ya nyuma ni ya dramu. Nabeba abiria, na msimu wa karafuu nabeba magunia kutoka Konde hadi Wete. Mwezi uliopita nilibadilisha cheni peke yake, namba 428, kwa sababu sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni) niliziona bado nzima. Sasa nikipanda mlima inalia kra, kra. Nimeikaza, ule mlio ukageuka ukawa wa kuvuma, na tairi ya nyuma inaisha upande mmoja. Alama za kwenye swingami (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) ziko sawa kulia na kushoto, zote namba 4. Nianzie wapi?
Msomaji, Konde, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Anza kwa kuilegeza hiyo cheni. Kukaza kunatibu mlio wa aina moja tu, ule wa cheni iliyolegea ikapiga swingami au kava kwenye mashimo. Wako si huo. Huo mvumo ulioanza baada ya kukaza ni cheni inayolalamika kuvutwa kupita kiasi.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, injini imezimwa, gia huru. Shika cheni upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, isukume juu na chini huku rula iko pembeni. Pikipiki nyingi za ukubwa huo zinataka mchezo, yaani nafasi ya cheni kupanda na kushuka, wa mm 20 hadi 30; kibandiko cha kwenye swingami au kitabu kikisema namba nyingine, fuata hiyo. Zungusha gurudumu kidogo kidogo upime sehemu mbalimbali, halafu weka kipimo kwa pale panapobana zaidi. Ukiweka kwa pale palipolegea, ikifika zamu ya pale panapobana itakuwa kama waya wa gitaa.

Magunia nayo yana neno lao hapa. Swingami haizunguki kwenye sproketi ndogo ya mbele, inazunguka kwenye boliti yake iliyo nyuma kidogo. Mzigo ukilalia shokapu, ekseli inapanda, na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka mpaka sproketi ndogo, boliti na ekseli vikae mstari mmoja. Kwa hiyo cheni iliyokaa vizuri pikipiki ikiwa tupu inaweza kukosa mchezo kabisa ukishapakia. Hapo zinazoumia ni beringi za gurudumu na ya shafti ya sproketi ndogo, na sili (mpira wa kuzuia oili) ya hapo huanza kuvuja oili. Ishushe kwenye stendi, pandisha watu wawili wazito, mwingine apime. Lazima mchezo ubaki.

Sasa ile kra, kra. Usikisie, hesabu. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye kiungo kimoja cha cheni, uzungushe gurudumu kwa mkono polepole. Tuseme sproketi zako ni meno 14 mbele na 42 nyuma, cheni viungo 118. Mlio unaorudi kila tairi ikizunguka mara moja uko kwenye sproketi kubwa, dramu au gurudumu lenyewe. Ukirudi mara tatu kwa mzunguko mmoja wa tairi, ni sproketi ndogo, maana 42 kwa 14 ni tatu. Ukirudi baada ya tairi kuzunguka karibu mara tatu (118 kwa 42 ni 2.8), na kila mara chaki ya cheni iko palepale, kuna kiungo kimoja kilichokakamaa. Mkwaruzo usiokatika, ambao haupotei hata ukiitoa cheni, mara nyingi ni beringi.

Kwa ulivyoeleza, mimi nashuku sproketi. Cheni ya 428 mpya ina mm 12.7 kutoka pini hadi pini. Sproketi za zamani zimelika kufuata cheni ya zamani iliyorefuka, kwa hiyo mpya haikai chini ya jino; inapanda mgongo wa jino na kuteleza, na mlimani ndipo inapovutwa zaidi. Angalia jino kwa ubavu: likiwa limepinda kama ndoana, halifai, hata kama bado ni refu. Vuta pia cheni kurudi nyuma pale mwisho kabisa wa sproketi kubwa. Ikiachana nayo ukaona nusu ya jino, kimoja kati ya hivyo viwili kimekwisha. Cheni unaweza kuipima: ivute inyooke, hesabu pini 21. Mpya inatoa mm 254. Ikifika 259 itupe. Cheni na sproketi zote mbili hununuliwa pamoja. Kununua kimoja ni kuipa sproketi mbovu cheni mpya ya kuila.

Kuhusu tairi, usiziamini alama. Huweza kukosea tangu kiwandani, na swingami ya pikipiki iliyowahi kuanguka haiko tena kama ilivyokuwa. Pima kutoka katikati ya boliti ya swingami hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto, kwa kijiti kilekile. Tofauti isizidi mm 1. Kisha thibitisha kwa uzi. Uzungushe nyuma ya tairi ya nyuma, juu kadiri stendi inavyoruhusu, uvute ncha zote mbili hadi mbele ya tairi ya mbele, kila uzi ukigusa tu ukingo wa mbele wa tairi ya nyuma. Nyoosha usukani. Tairi ya nyuma ni nene zaidi, kwa hiyo mbele patabaki nafasi kila upande, na nafasi hizo ziwe sawa.

Uzi ukisema gurudumu limenyooka lakini cheni bado inasugua ubavu wa meno (utaona sehemu inayong'aa upande mmoja tu), angalia busha na washa za ekseli. Baada ya kuziba pancha hurudishwa zimegeuzwa kulia kwa kushoto, na gurudumu zima linahama.

Kurekebisha: legeza nati ya ekseli, zungusha nati za kurekebishia robo mzunguko kila upande, sukuma gurudumu mbele kwa goti ili ekseli ikae, pima, ndipo ukaze. Pima tena baada ya kukaza, maana mara nyingi hubana kidogo. Rudisha ile pini inayokunjwa kwenye nati ya ekseli. Klipu ya kiungo cha kuungia, upande wake uliofungwa uelekee cheni inakokwenda; ikigeuzwa, kitu kidogo tu kinaichomoa.

Upepo wa bahari na mchanga wa Makangale havina huruma. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, futa, kisha oili ya gia namba 90 upande wa ndani wa cheni, uiache usiku kucha. Oili chafu ya injini ina unga wa chuma, usiitumie.

Ukisogeza gurudumu nyuma, fimbo ya breki nayo inavutika. Legeza nati yake mpaka pedali iwe na mchezo wa mm 20 hadi 30, kisha nenda Wete urudi, uguse habu (kitovu cha gurudumu) kwa mkono. Ikiwa ya moto, breki inaburuta, legeza tena.